Mkono wa Kulia na Umri wa Injini: Kwa Nini Pikipiki Iingie Darasani

Katika mashine zote zenye injini, hakuna iliyo karibu na mwanafunzi wa sekondari leo kuliko pikipiki. Humpeleka mgonjwa zahanati, hubeba magunia ya mkaa na matenga ya nyanya, humfikisha mwalimu kwenye kituo chake cha kazi, na huwapa riziki vijana wengi waliomaliza kidato cha nne. Hata hivyo, ukimwuliza mwanafunzi aliyefaulu fizikia kwa nini pikipiki ya kaka yake imeanza kutoa moshi wa buluu ilhali haijamaliza hata mwaka, aghalabu atakosa la kusema. Ukimwuliza kaka mwenyewe, atajibu kwamba pikipiki za siku hizi hazidumu.

Rai ya makala hii ni kwamba ukimya wa mwanafunzi na lawama ya kaka yake vina asili moja. Umri wa injini ndogo hauamuliwi na kilomita peke yake, wala na nembo iliyobandikwa kwenye tangi. Huamuliwa kwa sehemu kubwa na mkono wa kulia wa mwendeshaji, yaani ule uuzungushao mpini wa mafuta, na na lita moja ya oili iliyomo ndani ya injini. Kanuni zinazothibitisha jambo hili zimo tayari katika vitabu vya fizikia na kemia vya sekondari. Kilichokosekana ni kuzitoa kitabuni na kuzipeleka uani, pale pikipiki iliposimama.

Deni juu ya magurudumu mawili

Yafaa kwanza tuone jambo hili lina uzito gani. Vijana wengi hawainunui pikipiki kwa fedha taslimu. Huipata kwa mkataba, wakilipa kiasi fulani kila siku au kila juma mpaka mwisho wa muda iwe mali yao. Wengine huendesha pikipiki ya tajiri na kumpelekea hesabu kila jioni. Katika njia zote mbili, siku injini inapolala mezani kwa fundi ni siku isiyo na kipato, lakini hesabu haisimami. Injini ikifa kabla ya mkataba kwisha, kijana hubaki na deni la chombo kisichotembea. Huenda akanyang'anywa pikipiki, na jasho la miezi kadhaa likapotea pamoja nayo.

Kwa hiyo, tunapozungumzia msuguano, mnato na joto, hatuzungumzii maneno ya mtihani tu. Tunazungumzia tofauti kati ya kijana anayemiliki chombo chake na kijana anayerudi nyumbani mikono mitupu. Kwa taifa nako kuna hasara, kwa sababu petroli tunayoichoma na vipuri vingi tunavyovibadilisha huagizwa kwa fedha za kigeni.

Injini iliyobuniwa kwa ajili ya watu wasahaulifu

Injini ya mipigo minne ilifanikishwa na Nikolaus Otto, Mjerumani, mwaka 1876. Mipigo hiyo kila mwanafunzi anaijua: kuvuta, kubana, kuchoma na kutoa. Miaka 100 baadaye, mwaka 1976, kampuni ya Honda ya Japani ilitoa pikipiki iitwayo CG125, iliyokusudiwa hasa nchi zinazoendelea. Wabunifu wake walijua kwamba huko iendako ingebebeshwa mizigo mizito, ingepita katika vumbi, na ingecheleweshewa oili. Wakaachana na muundo wa kuweka kemu juu ya kichwa cha silinda, wakaiweka chini na kuzisukuma valvu kwa vijiti. Muundo huo ulikuwa wa kale zaidi, lakini ulikuwa mvumilivu zaidi kwa mtu asiyeitunza mashine yake. Pikipiki nyingi za Kichina zilizoingia nchini mwetu zina injini iliyofuata muundo huo.

Jambo hili lina funzo. Wahandisi wanaweza kuongeza uvumilivu wa mashine, lakini hawawezi kuzifuta kanuni za maumbile. Injini mvumilivu huchelewa kulalamika. Na kwa kuwa huchelewa kulalamika, mwenyewe hudhani kwamba hakuna madhara yanayotendeka.

Hesabu ya pistoni

Tuichukue injini hiyohiyo ya CG125 kuwa mfano. Pistoni yake husafiri milimita 49.5 kutoka juu hadi chini. Krenki ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, yaani mara 100 kwa sekunde, pistoni husimama na kugeuka mara 200 katika kila sekunde moja. Kwa kila mzunguko hupanda na kushuka, na hivyo mwendo wake wa wastani ni karibu mita 10 kwa sekunde, ingawa haitoki nje ya chumba chake kisichozidi kikombe cha chai kwa ukubwa.

Kusimama na kugeuka huko kuna gharama. Mchapuko wa pistoni katika ncha ya mwendo wake hukaribia zao la mraba wa kasi ya mzunguko na nusukipenyo cha krenki. Nusukipenyo hicho ni milimita 24.75, na kasi ya mzunguko ni radiani 628 kwa sekunde. Mwanafunzi akifanya hesabu hiyo atapata karibu mita 9,770 kwa sekunde mraba, yaani takriban mara 1,000 ya mchapuko wa mvutano wa dunia. Tukichukulia kwamba pistoni na pini yake vina gramu 150, kani inayohitajika kuigeuza ni zaidi ya nyutoni 1,400. Kani hiyo inakaribia uzito wa magunia matatu ya saruji ya kilo 50, yaliyoning'inizwa kwenye konrodi nyembamba kuliko kidole gumba cha mtu mzima, mara 200 kwa sekunde.

Sasa tupunguze mwendo wa injini uwe nusu, yaani mizunguko 3,000. Kani haipungui kwa nusu. Hupungua hadi robo, kwa kuwa inafuata mraba. Magunia matatu huwa robo tatu ya gunia moja. Tukiipandisha injini hadi mizunguko 9,000, magunia hukaribia saba. Hapa ndipo ilipo siri ya mkono wa kulia. Kuuzungusha mpini kidogo zaidi huonekana ni jambo dogo mkononi, lakini ndani ya silinda si dogo hata kidogo.

Dakika ya kwanza asubuhi

Pikipiki ikilala usiku kucha, oili huteremka na kutuama chini ya injini. Asubuhi inapowashwa, pampu huhitaji muda mfupi kuifikisha juu kwenye valvu, na muda huo huwa mrefu zaidi kule kwenye baridi, kama vile Njombe na Makete, kwa sababu mnato wa oili huongezeka joto linapopungua. Katika muda huo chuma hutegemea utando mwembamba uliobaki tangu jana.

Vijana wengi huutumia wakati huo hasa kupiga resi, eti injini isafishe koo. Hakuna koo linalosafishwa. Kinachotendeka ni pistoni kulazimishwa kukimbia kabla oili haijafika. Kosa la pili ni kusahau choki ikiwa imefungwa. Petroli ya ziada isiyoungua huosha oili ukutani mwa silinda, kisha huteremka na kuizimua oili iliyobaki chini.

Utaratibu ulio bora ni mwepesi. Iwashe injini, uiache ingurume polepole kwa nusu dakika hadi dakika moja, urudishe choki mara tu injini itulizanapo, kisha uondoke kwa mwendo wa kiasi kwa kilomita moja au mbili za kwanza. Hakuna haja ya kuiacha inguruma robo saa nzima ikiwa imesimama. Huo nao ni upotevu wa petroli, na injini hupata joto lake haraka zaidi ikifanya kazi nyepesi kuliko ikikaa bure.

Mazoea ya mkono

Yapo mazoea manne ya mkono wa kulia yanayostahili kukemewa, na kila moja lina maelezo yake katika sayansi.

La kwanza ni kupiga resi kituoni wakati wa kungoja abiria. Injini nyingi za pikipiki hupozwa kwa hewa inayopita kwenye mapezi ya silinda wakati chombo kinapokwenda. Kikiwa kimesimama, upepo huo haupo. Mwendeshaji hutengeneza joto bila kulipatia njia ya kuondoka, tena bila mzigo wowote wa kuizuia injini isipande hadi kwenye mizunguko ya hatari tuliyoihesabu hapo juu. Matope yaliyokaukia kwenye mapezi huzidisha balaa hilo, kwa kuwa udongo ni kipitishi hafifu cha joto.

La pili ni kuufungua mpini ghafla. Katika kabureta, hewa ipitapo kwa kasi kwenye koo jembamba hupunguza shinikizo, na petroli hunyonywa kupitia tundu dogo. Mlango wa hewa ukifunguliwa kwa ghafla wakati injini inazunguka polepole, kasi ya hewa kooni hushuka, mnyonyo hudhoofu, na petroli huchelewa. Injini hukohoa kwanza, ndipo ikurupuke. Aliyeuzungusha mpini taratibu huwa ameshaondoka, na cheni yake, meno ya sproketi na klachi havikupata kishindo.

La tatu ni kinyume chake, na hutendwa na wale wanaodhani wanaihurumia injini. Hupanda mlima wakiwa na abiria wawili katika gia ya juu, mpini umefunguliwa wote, na injini ikitetemeka kwa uchovu. Katika hali hiyo pistoni husukumwa kwa nguvu kubwa huku krenki ikizunguka polepole mno, joto hupanda, na mchanganyiko wa petroli unaweza kuungua kwa mshtuko, ndipo husikika mlio wa kugonga. Ukisikia mlio huo, rudisha gia moja chini. Injini ina mwendo wake wa starehe, usio wa kukimbizwa wala wa kukokotwa.

La nne ndilo lenye gharama kubwa zaidi mfukoni: kukimbia kisha kufunga breki. Tuseme pikipiki, mwendeshaji na abiria wana jumla ya kilo 250. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa nishati mwendo yao ni karibu jouli 24,000. Kwa kilomita 60 ni karibu jouli 35,000. Ongezeko la mwendo ni asilimia 20, lakini ongezeko la nishati ni asilimia 44. Breki ikifungwa, nishati hiyo yote hugeuka joto na kupotea hewani. Lita moja ya petroli ina takriban jouli milioni 32, lakini tukichukulia kwamba ni sehemu moja ya tano tu ifikayo kwenye gurudumu, kila safari ya kufikia kilomita 50 hula karibu mililita 4. Anayefanya hivyo mara 100 kwa siku hutupa zaidi ya theluthi moja ya lita kwenye breki. Kwa hiyo asitazame mpini tu, bali atazame pia njia. Akiona mbele kuna tuta au kundi la watoto wa shule, aurudishe mpini mapema na kuiacha injini yenyewe impunguzie mwendo. Hapo ameokoa petroli na breki, na huenda ameokoa pia uhai wa mtu.

Wapo wanaotafuta akiba hiyo kwa kuweka gia huru mteremkoni, na wengine huthubutu kuzima injini kabisa. Akiba yake ni ndogo na hatari yake ni kubwa, kwani breki huachiwa kazi yote peke yake, hupata moto, na nguvu yake hupungua pale ihitajiwapo zaidi.

Lita moja ya oili na mapipa ya hewa

Oili ya pikipiki ina kazi nzito kuliko ya gari. Ni takriban lita moja tu, na hiyohiyo hulainisha pistoni, gia na klachi. Kwa sababu klachi ya pikipiki nyingi hukaa ndani ya oili, si kila oili ya gari inafaa. Baadhi ya oili hizo zina viungo vya kupunguza msuguano, navyo huifanya klachi iteleze. Yafaa mnunuzi atafute alama ya JASO MA kwenye chupa na kufuata mnato ulioandikwa katika kitabu cha pikipiki.

Rangi nyeusi peke yake si dalili ya oili iliyokufa, kwa kuwa oili njema huubeba uchafu na kuusitiri. Kipimo ni kilomita, pamoja na hali ya kazi. Vumbi, mizigo mizito na safari fupifupi hupunguza umri wake. Safari fupi ni adui asiyeonekana, maana kila lita moja ya petroli inapoungua hutoa takriban lita moja ya maji kwa umbo la mvuke. Sehemu ndogo ya mvuke huo hupenya kwenye ringi na kushuka chini, na injini isiyopata joto la kutosha hushindwa kuufukuza. Mwishowe oili huwa na weupe kama wa maziwa. Kuongeza oili mpya juu ya ile iliyochoka si kubadilisha oili. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wenyewe hapa ni kuchonga silinda na kununua pistoni mpya.

Hewa nayo ihesabiwe. Ili petroli iungue kikamilifu, gramu moja huhitaji karibu gramu 15 za hewa. Kwa ujazo, lita moja ya petroli huhitaji takriban lita 9,000 za hewa. Pikipiki inayochoma lita 3 kwa siku huvuta hewa ya kujaza mapipa 135 ya lita 200. Katika barabara ya vumbi, hewa hiyo imejaa chembe za mchanga ambazo ni ngumu kuliko chuma cha silinda. Anayetoa kichujio cha hewa ili pikipiki ipate nguvu ameugeuza mchanga kuwa msasa. Kichujio cha sponji huoshwa, hukaushwa na kulowekwa oili kidogo. Cha karatasi hukung'utwa, na kikichoka hubadilishwa.

Ndugu mwalimu, peleka pikipiki darasani

Mambo yote tuliyoyataja yanaweza kufundishwa bila maabara ya gharama. Dondosha tone la oili mpya na tone la oili iliyotumika kwenye karatasi ya kuchujia, uyaache hadi kesho yake, na wanafunzi wataona jinsi uchafu unavyotengana kwa duara. Pitisha sumaku katika oili iliyomwagwa kutoka kwenye injini mpya, na wataona unga wa chuma uliosagika katika kilomita za kwanza. Hapo wataelewa kwa nini injini mpya hubadilishiwa oili mapema na haikimbizwi. Angusha gololi katika oili baridi na katika oili iliyopashwa moto, upime muda kwa saa, na mnato hautakuwa tena neno la kukariri. Walimu wa nyanda za juu wanaweza kuongeza somo jingine. Katika kimo cha mita 2,000 shinikizo la hewa ni karibu asilimia 80 ya lile la pwani, na kwa hiyo kabureta iliyorekebishwa Tanga hutoa moshi mweusi ikifika huko.

Wapo watakaopinga kwa kusema kwamba kuingiza pikipiki darasani ni kuwavuta vijana waache masomo wakimbilie bodaboda. Hofu hiyo ina ukweli wake, kwani wazazi wengi wamewaona watoto wao wakivutwa na fedha za kila siku. Lakini kijana anayeacha shule hafanyi hivyo kwa kuwa amejifunza kuhesabu kani ya pistoni. Huenda huacha kwa sababu hakuona uhusiano wowote kati ya hesabu hizo na maisha yake. Zaidi ya hayo, wale watakaokwenda kuendesha watakwenda hata tukinyamaza. Shauri lililobaki ni iwapo wataondoka wakiwa na maarifa au bila maarifa.

Wengine watasema kwamba pikipiki za umeme zimekwisha kuanza kuonekana Nairobi, Kigali na hata kwetu, na kwa hiyo injini ya petroli ni somo la jana. Ni kweli zinakuja, nasi tunazikaribisha. Hata hivyo, nazo zina mpini wa kulia. Joto linalozalishwa katika nyaya na betri huongezeka kwa mraba wa mkondo wa umeme. Mkondo ukiwa maradufu, joto huwa mara nne. Mkono unaokurupuka utaichosha betri kama ulivyoichosha pistoni. Mashine itabadilika, lakini mraba hautabadilika.

Kwa hiyo twatoa wito kwa walimu wa fizikia, kemia na ufundi. Katika muhula ujao, tengeni vipindi viwili. Mwalikeni fundi wa jirani mwenye sifa njema, aje na injini iliyofunguliwa, na wanafunzi waje na madaftari yao. Fundi aonyeshe mahali chuma kilipolika, na wanafunzi waeleze kwa hesabu kwa nini kimelika. Fundi atajifunza sababu ya yale ambayo mikono yake imeyajua siku nyingi, na wanafunzi watayaona kwa macho yale ambayo mpaka sasa wameyaandika tu. Kisha kila mmoja aende nyumbani akamweleze kaka yake hesabu ya magunia matatu ya saruji, kabla hajaupiga mkono wa kulia asubuhi inayofuata.